Usikaze Nati Kabla Hujajua Kinacholegea



Mmezoea kunisoma hapa nikiandika habari ya mbegu, kanitangaze, au bei ya nyanya ilivyoporomoka ghafla. Leo naandika habari ya usukani wa pikipiki. Usiondoke kwanza. Ukifika mwisho utaona ni habari ya shamba ileile.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Msimu wa juzi nilimtembelea kijana mmoja anayelima nyanya milimani juu ya Ilula. Shamba zuri, miche imenyooka, mitego ya kanitangaze ameipanga vizuri. Tulipomaliza kukagua, akanisindikiza hadi nilipoegesha pikipiki yangu, akaniuliza swali la kando tu:

"Bwana shamba, hivi usukani ukiwa unalegea ni nini? Nikipakia tenga naona kabisa mbele kunaelea. Pikipiki inakwenda inakotaka yenyewe."

Mimi huku navaa helmeti nikamjibu, "Hiyo ni nati ya shingo tu. Mwambie fundi akaze."

Akaenda kwa fundi, akamwambia, "Bwana shamba kasema ukaze nati." Fundi akakaza. Alhamisi yake kijana akapakia matenga 3 kuwahi lori la mnunuzi barabara kuu. Kwenye kona ya pili ya kushuka akainamisha pikipiki, na ilipofika wakati wa kurudi wima, usukani ukagoma. Akaenda moja kwa moja kwenye mtaro. Mfupa wa bega ukavunjika, nyanya zikawa rojo barabarani. Kibaya zaidi, ilikuwa wiki ya pili ya mavuno. Kwa mwezi na zaidi hakuweza kubeba bomba la dawa wala tenga, na nyanya haimsubiri mtu bega lipone.

Nilipokwenda kumwona hakunilaumu. Hata hivyo mimi nilijua. Mimi ambaye simruhusu mkulima yeyote apulize dawa kabla ya kugeuza jani na kuangalia chini yake, nilitoa dawa ya pikipiki bila hata kuigusa.

Tunajua kupima mmea, kwa nini hatupimi chombo?

Chukulia mche wa nyanya umenyauka mchana. Mkulima mwenye haraka anasema umekosa maji, anafungulia mfereji. Kama ni kiu kweli, umepona. Kama ni mnyauko bakteria, ameusafirisha ugonjwa kwa maji yake mwenyewe mstari mzima. Ndiyo maana tunakata kipande cha shina, tunakiweka kwenye glasi ya maji safi na kusubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, umeshajua. Kipimo hicho ni bure na kinaokoa shamba.

Usukani nao uko hivyo hivyo. Kulegea ni dalili, ugonjwa wenyewe unaweza kuwa sehemu nyingine kabisa. Mikono yako iko mbele, basi kila kitu kinachoharibika popote kwenye pikipiki unakisikia mbele. Tairi la nyuma likikosa upepo utalisikia kwenye usukani. Bushi za nyuma zikilika, utazisikia kwenye usukani. Ukipakia vibaya, ni kwenye usukani vilevile. Halafu wote tunakimbilia nati moja iliyo juu ya shingo, kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Msimamo wangu ni huu: nati ya shingo iwe kitu cha mwisho kuguswa, na isiguswe na mtu yeyote kabla pikipiki haijainuliwa tairi la mbele likaning'inia. Fundi asiyetaka kuinua, mwambie asante, ondoka na pikipiki yako.

Sasa twende kwa mpangilio. Kuna hatua 5, na nyingi hazihitaji hata spana.

Kwanza: itembeze tupu

Shusha mzigo wote. Pita barabara ileile, mwendo uleule, peke yako. Kama ile hali ya kuelea imepotea, tatizo lako ni upakiaji na shingo haihusiki.

Hili ndilo lilikuwa tatizo la kwanza la kijana wangu, na naliona kila siku barabarani. Alikuwa amechomelea keria yake kuiongeza kwenda nyuma ili matenga 3 yakae. Wengi mmefanya hivyo. Ngoja nikuonyeshe hesabu yake.

Umewahi kubeba jembe begani, nyuma umefunga mzigo wa majani ya ng'ombe? Si unaona mkono wa mbele unavyolazimika kuvuta mpini chini usiruke? Kwenye pikipiki, bega ni ekseli ya nyuma na mkono ni tairi la mbele. Mzigo wowote unaokaa nyuma ya ekseli ya nyuma unanyanyua tairi la mbele.

Pikipiki zetu nyingi za kazi, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita 1.3. Tuseme matenga 3 ya kilo 40, jumla kilo 120, na katikati ya mzigo huo pako sentimita 30 nyuma ya ekseli. Zidisha 120 kwa 30, gawanya kwa 130. Unapata karibu kilo 28. Hizo ndizo kilo ulizoziondoa kwenye tairi la mbele, tairi ambalo ukiwa peke yako hubeba kama kilo 70 hivi. Zaidi ya theluthi imekwenda. Kwa nini usukani usielee?

Sasa sogeza mzigo huohuo mbele, katikati yake pawe sentimita 10 mbele ya ekseli ya nyuma. Badala ya kupunguza, unaliongezea tairi la mbele kilo 9. Tenga ni lilelile, barabara ileile, ila pikipiki itakuwa kama umebadilishiwa.

Halafu kuna uzito wenyewe. Fungua kitabu cha pikipiki yako, kuna kiwango cha mzigo kimeandikwa. Kwa pikipiki zetu hizi hakiendi mbali na kilo 150, na hapo wewe dereva umo ndani. Kijana wa kilo 65 na matenga 3 ni kilo 185. Na matenga 2 ni 145. Jibu unalo.

Pili: upepo na tairi

Pima upepo kwa kipimo asubuhi, tairi zikiwa za baridi. Kupiga teke hakukuambii kitu. Fuata kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko au kitabu. Pikipiki nyingi za 125 hadi 150 zinataka karibu psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, kupanda hadi 32 hivi ukibeba. Ukipima utashangaa. Tairi la nyuma lenye upepo mdogo chini ya mzigo linajikunja pembeni kila kona, na pikipiki inayumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Dereva anasema usukani umelegea.

Angalia na sura ya tairi. Kama katikati limelika hadi limekuwa bapa kama meza, pikipiki haitaki kuinama, na ikishainama inaanguka ghafla kwenye kona. Tairi la namna hiyo hakuna nati itakayolitibu.

Tatu: magurudumu

Weka stendi kubwa. Mtu mmoja akae nyuma, au weka gogo imara chini ya injini, mpaka tairi la mbele linaning'inia. Hakikisha haitelezi. Pikipiki ikikuangukia hapo, nitakuwa nimetoa ushauri mbaya mara ya pili.

Shika tairi kwa mikono miwili, mmoja juu mmoja chini. Sukuma na kuvuta kulia na kushoto. Ukisikia linacheza katikati ya gurudumu, beringi za gurudumu zimekwisha. Lizungushe: linakwenda kimya, au linasaga kama kinu? Weka kijiti karibu na rimu uone kama inayumba likizunguka. Kisha gonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Spoki nzima inalia "ting". Iliyolegea inalia "tok". Zikilegea kadhaa upande mmoja, hapo una kazi ya fundi wa rimu, na ni kazi ndogo.

Na ile nati ya ekseli ya mbele, hakikisha imekaza. Ukibadilishiwa tairi kando ya barabara, jioni angalia tena mwenyewe.

Nne: nyuma

Inua tairi la nyuma. Lishike, lisukume kulia na kushoto. Kama gurudumu peke yake ndilo linacheza, ni beringi. Kama linacheza pamoja na ule mkono wa fremu unaolishika, ule wanaouita swingamu, basi bushi zake zimelika. Bushi zikilika, tairi la nyuma linakuwa na akili zake: mbele unakata kulia, nyuma inachelewa kukufuata. Ni hisia ileile ya usukani uliolegea.

Tazama pia alama za kurekebishia mnyororo. Zipo kulia na kushoto. Kama kulia iko alama ya 4 na kushoto ya 3, tairi lako limekaa mshazari na pikipiki inavuta upande mmoja siku nzima. Hii hutokea sana mtu anapokaza mnyororo kwa haraka.

Tano: sasa ndiyo shingo

Shingo naita lile bomba la mbele la fremu ambamo usukani unazungukia. Ndani yake juu na chini kuna gololi, zimekaa kwenye vikombe vya chuma. Juu kuna nati mbili: moja ya kurekebisha, nyembamba yenye meno au mikato, na nyingine kubwa ya kufungia juu yake.

Inua tena tairi la mbele. Fanya vipimo 3.

Kipimo cha kwanza, shika shokapu zote mbili chini karibu na ekseli. Vuta kwako, sukuma mbele. Mwenzako aweke kidole pale shingo inapokutana na fremu. Akisikia "ko, ko" kwenye kidole, shingo imelegea kweli. Kama mlio na mchezo vinatokea chini, kwenye shokapu zenyewe, basi ni shokapu zimelika ndani, na kukaza shingo hakutasaidia lolote. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, kwa sababu ukishika breki ya mbele na kusukuma pikipiki, vyote viwili vinagonga na mlio unafanana.

Kipimo cha pili, zungusha usukani taratibu kutoka kushoto hadi kulia kwa kidole kimoja. Unatakiwa kuteleza kama mlango wenye bawaba mpya. Ukifika katikati ukasikia unadondokea kwenye kashimo na kukwama hapo, gololi zimechimba vikombe. Miaka ya mashimo ya barabarani imezigongesha palepale zilipo unapokwenda wima. Hii haikazwi. Ukiikaza unaongeza ugonjwa, kwa sababu usukani utang'ang'ania katikati na utagoma kwenye kona.

Kipimo cha tatu, weka usukani katikati kisha uguse kidogo kushoto. Unatakiwa udondoke wenyewe hadi mwisho wa upande huo. Fanya na kulia. Kama unabaki njiani, ama nati imekazwa kupita kiasi, ama grisi imekauka, ama waya wa klachi au wa breki unauvuta. Angalia waya kwanza.

Pikipiki ya yule kijana nilikuja kuiinua mwenyewe baada ya ajali, kwa fundi mwingine, mzee mmoja mtulivu. Keria ndefu. Upepo wa nyuma mdogo. Vikombe vimechimbika katikati. Na juu yake, nati imekazwa hadi usukani unahitaji mikono miwili. Mzee akaniangalia akasema, "Huyu aliyekaza hakuwa na nia mbaya. Aliambiwa akaze, akakaza." Nilinyamaza. Aliyeambia ni mimi.

Kama shingo ndiyo mgonjwa

Kama kipimo cha kwanza kimegonga juu, na cha pili kiko laini, hapo sasa kukaza ni halali. Legeza ile nati kubwa ya juu, na bolti zinazobana shokapu kwenye sahani ya juu ili sahani iweze kushuka. Kaza nati ya kurekebisha kidogo sana, kama robo ya robo ya mzunguko, kwa spana yake ya ndoano. Tafadhali, si kwa patasi na nyundo. Funga nati kubwa na zile bolti. Halafu rudia vipimo vyote 3, kwa sababu nati kubwa ikifungwa nayo inakandamiza kidogo. Unatafuta pale ambapo mlio umekwisha na usukani bado unadondoka wenyewe. Inaweza kuchukua mara 3 au 4 kupata. Fundi anayepata kwa mara moja bila kupima amebahatisha.

Kama kipimo cha pili kimeonyesha kashimo, nunua gololi na vikombe vyake vyote, vya juu na vya chini. Usikubali kuwekewa gololi mpya kwenye vikombe vya zamani, wala kubadilisha vya juu tu. Vya chini ndivyo vinavyopigwa zaidi na ndivyo vinavyoingia matope. Pakiwa pamefunguliwa, hesabu gololi zilizotoka na hesabu zinazoingia. Paka grisi mpya ya kutosha, ile isiyoondoka kwa maji.

Na mkiosha pikipiki baada ya kubeba samadi au mbolea, msielekeze mpira wa maji yenye nguvu kwenye shingo na katikati ya magurudumu. Maji yanaingia, grisi inatoka. Mbolea ya chumvichumvi nayo ikikaa kwenye chuma inakula. Futa mapema kwa kitambaa na maji ya taratibu.

Kwa mliouza nyanya mkanunua kruza

Kuna wachache nawajua. Hongereni, pesa ni zenu. Zile pikipiki ndefu za kukaa chini na miguu mbele, shokapu zake zimelala zaidi na tairi la mbele liko mbali na wewe. Kwa mwendo wa polepole mbele yake huhisi nzito na yenye kudondokea upande. Barabarani ikikolea mwendo inatulia na kunyooka. Hivyo ndivyo ilivyotengenezwa. Usipeleke kwa fundi aikaze ili ifanane na pikipiki ya kazi. Vipimo ni vilevile: upepo, magurudumu, nyuma, shingo mwisho. Ila kwa zile nzito, tairi kulika na upepo kupungua unausikia mapema zaidi, na beringi za shingo nyingine si gololi bali vyuma vya mviringo vyenye umbo la pia, ambavyo vinahitaji kiwango chake cha kukaza kama kitabu kinavyosema. Na msiniletee tenga kwenye kruza.

Najua mtakachosema

"Bwana shamba, bei nzuri ni ya asubuhi. Nikibeba 2 badala ya 3 nitarudi mara ngapi? Na mafuta?"

Swali zuri, la kibiashara. Tulijibu kibiashara. Tuseme shamba hadi barabara kuu ni kilomita 12, kwenda na kurudi 24. Pikipiki ya 125 au 150 inakunywa kama lita 2 na kitu kwa kilomita 100. Barabara mbovu na mzigo, weka lita 3. Safari ya ziada ni lita moja kasoro robo hivi. Sasa weka pembeni bei ya tenga moja la nyanya, hata siku ya soko baya. Ukiangusha mzigo mara moja tu kwa msimu, umeshalipia mafuta ya safari nyingi sana za ziada, na hapo sijahesabu bega.

Kuhusu muda: anza kuvuna mapema jioni iliyotangulia, panga mzigo kivulini, safari ya kwanza iondoke alfajiri kunapopambazuka. Au ungana na wenzako 4 mkodi guta au kirikuu kwa siku za mavuno makubwa. Mnajua kuungana kununua mbegu, na kusafirisha mnaweza kuungana.

Wengine mtasema, "Mbona fulani anabeba matenga 4 miaka yote na hajaanguka?" Ni kweli, wapo. Na wapo waliopanda nyanya bila kupiga dawa hata mara moja wakavuna. Hatupangi shamba kwa kumwangalia mwenye bahati.

Na kuna hoja ya tatu ambayo hamuisemi lakini naisikia: pikipiki si shamba, kwa hiyo haina bajeti. Kwenye daftari zenu kuna mbegu, mbolea, dawa, vibarua, tenga. Pikipiki imeandikwa "mafuta" tu, kama ipo. Hapa sikubaliani nanyi kabisa. Zana inayobeba kila kilo ya mavuno yako ni zana ya shamba, sawa na bomba la dawa. Nozeli ikivuja unabadilisha siku hiyohiyo kwa sababu dawa inapotea. Shingo inagonga miezi 6 unasema "nimeshaizoea". Umezoea kitu kinachoweza kukumwaga wewe na msimu mzima kwa pamoja.

Weka kwenye daftari

Kila wiki: upepo wa tairi zote mbili, kwa kipimo. Nunua kipimo chako, ni kitu kidogo.

Kila mwezi: inua mbele, vipimo 3 vya shingo. Tikisa magurudumu. Gonga spoki. Linganisha alama za mnyororo. Dakika 15.

Kila mwaka, mvua zikiisha na kabla ya mavuno makubwa: fungua shingo, osha gololi, angalia vikombe, paka grisi. Kama kuna kashimo, badilisha vyote.

Kila ukipakia: mzigo mzito zaidi ukae chini na mbele, karibu na mgongo wako. Kama sehemu kubwa ya tenga iko nyuma ya ekseli, shusha, panga upya. Na kama ulichomelea keria kuirefusha, irudishe ilivyokuwa.

Na ukimpelekea fundi pikipiki, usimwambie "kaza". Mwambie unachokisikia: "Inagonga nikishika breki." "Inaelea nikipakia tu." "Inagoma kwenye kona." Kisha simama hapo uone inainuliwa. Ukienda na jibu mkononi, atakupa ulichoomba, kama mimi nilivyomponza yule kijana.

Bega lake lilipona, ingawa akiinua bomba la dawa bado anabadilisha upande. Keria ameikata. Mwaka huu anapeleka matenga 2 kwa safari, wa kwanza kushuka asubuhi. Juzi nilipita kwake, kabla hatujaenda shambani akaniomba ufunguo wa pikipiki yangu, akaiweka stendi kubwa, akaniita nikalie nyuma ili mbele inyanyuke. Akaitikisa shingo. Iligonga.

Nimeitengeneza jana. Na yako iinue leo jioni, kabla hujapakia kesho.

Tukutane shambani.